Umeme wa Moyo wa Ciku

Mara ya tatu Ciku alipoanguka, alianguka katikati ya waridi. Alikuwa ameinama kuinua ndoo ya maua yaliyokatwa asubuhi hiyo, na wenzake wa mstari wa pili wakaisikia ndoo ikigonga chini kabla hawajamwona yeye. Walimbeba hadi kliniki ya shamba, viatu vya mpira vikimning'inia miguuni. Walipomlaza kitandani tayari alikuwa amefumbua macho. Bwana Mutembei, mhudumu wa kliniki ambaye kila mtu pale alimwita daktari, alimpima presha, akamshika kifundo cha mkono huku akitazama saa, kisha akaandika kitabuni kwamba mgonjwa hana kitu.

Kabla jua halijatua, supavaiza alikuwa amemkabidhi barua ya onyo. Barua ilisema kwamba mfanyakazi huyu ana mazoea ya kujiangusha kazi inapozidi, kwamba amesimamishwa siku tano, na kwamba akirudia atafutwa. Ilikuwa wiki ya tatu ya Januari. Kila mtu Timau anajua kwamba kuanzia hapo hadi Siku ya Wapendanao, kwenye mashamba ya maua hata mwenye homa hufunga leso kiunoni akaenda kukata.

Nelius, dada yake mkubwa, alipopigiwa simu alifunga kibanda chake kule Nchiru. Kesho yake saa nne asubuhi alikuwa Timau, baridi ya mlima bado imelalia ngano. Hakupitia chumbani kwa Ciku kunywa chai. Alimshika mkono, wakaenda moja kwa moja kliniki.

"Keti, mama," Mutembei alisema.

"Sitaketi, daktari. Nina swali moja tu. Moyo wa dada yangu unapokimbia, umewahi kuupima ukikimbia?"

"Akifika hapa huwa umeshatulia."

"Kwa hivyo umepima moyo uliotulia mara tatu, ukasema umetulia."

Mutembei aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na nje ya mlango foleni ilikuwa ndefu. "Mama, mimi nimesomea hii kazi. Hayo ni mawazo. Wanawake wengi hapa wako nayo. Hata huyu alienda hospitali kubwa Meru, akapimwa kwa mashine ya moyo, ikatoka safi. Apunguze mawazo, avumilie, aombe Mungu."

"Kuomba tunaomba. Lakini hii barua haikuandikwa na Mungu."

Ciku alimvuta dada yake mkono wa sweta. Nelius hakusogea.

"Na wewe unafanya kazi gani?" Mutembei akauliza.

"Natengeneza redio na simu."

"Basi tengeneza redio."

"Ndiyo ninayokuambia," Nelius alisema. "Redio ikiletwa kwangu inakatikakatika, na nikiiwasha inaimba vizuri, simwambii mwenyewe ati ana mawazo. Naiwasha, nakaa nayo, nangoja ikatike mbele yangu. Kama nyinyi hamna nafasi ya kungoja, nitangoja mimi."

Wakatoka. Nje Ciku akalia kwa hasira, na nusu ya hasira hiyo ilimlenga dada yake. "Sasa umeniharibia kabisa. Nitarudije pale?"

"Utarudi ukitembea kwa miguu yako. Chukua nguo. Siku tano hizo unakaa kwangu."

Ufundi wake Nelius aliusomea Embu, katika chuo kidogo cha ufundi, msichana pekee kati ya wavulana kumi na tisa. Mwalimu alimshauri mara mbili ahamie darasa la ushonaji. Mara ya kwanza alimjibu kwa heshima. Mara ya pili alimfungulia redio ya ofisi yake iliyokuwa imekufa tangu Krismasi, akaifufua mbele yake, na habari ya cherehani ikaishia hapo. Sasa alikuwa na miaka arobaini na miwili, mama wa Munyi aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, na kibanda chake kilikaa kati ya duka la fotokopi na mahali pa kukaanga chipsi, ng'ambo ya hosteli za wanafunzi. Wanafunzi walimwita Mathe Fundi. Walimletea laptopu zilizomwagiwa chai na simu zilizokanyagwa, na kitu kilichomshinda alikisema wazi kwamba kimemshinda.

Kwamba moyo ni kitu cha umeme alijua tangu shuleni. Kila pigo huanza na cheche ndogo inayopita kwenye nyama ya moyo, na mwangwi wake hufika hadi kwenye ngozi ya mikono. Shida ni udogo wake: kama sehemu moja kati ya elfu ya volti. Lakini kuchukua sauti dhaifu na kuikuza bila kuiharibu ndiyo kazi ambayo redio hufanya kutwa.

Katika boksi la vitu vilivyokufa alipata amplifaya ya gari, akang'oa chipu moja iliyokuwa bado nzima. Alijua chipu hiyo lazima ipewe rizista, vile vipande vidogo vya kuzuia umeme, zinazolingana sawasawa, la sivyo ingekuza takataka pamoja na moyo; kwa hivyo alimwaga mezani mkebe mzima wa rizista, akampa Ciku mita, akamwambia apime moja moja, azipange zinazofanana kabisa. Ciku alizipanga siku nzima ya kwanza, shingo imeinama. Kati ya mia moja na kitu walipata nane za kuaminika.

Betri mbili za mraba zilitoa nguvu. Hapo Nelius alikuwa na sheria moja na aliisema mara tatu ili Ciku aishike: kitu hiki hakiunganishwi na stima ya ukutani, na laptopu inayokisoma hailetwi karibu na chaja, maana mtu aliyefungwa waya kifuani si mahali pa kujaribia bahati. Kadi ndogo ya kugeuza umeme kuwa namba, ile ambayo wanafunzi wa uhandisi huitumia kwa michezo ya taa, aliinunua kwa mwanafunzi aliyekuwa akimaliza masomo. Vya kushikia ngozi vilikuwa vijiko vya chai, viwili vya mikono na kimoja cha mguu, vilivyofungwa kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi.

Waliwasha. Kwenye kioo cha laptopu ukatokea mstari mnene mweusi, kama ukindu uliosukwa ovyo. Hakuna moyo.

"Hiyo ni nini?" Ciku akauliza.

"Hiyo ni stima ya mtaa mzima. Mwili wako ni kama antena, unaidaka kutoka kwa kila waya ulio karibu."

Alizima swichi kuu ya kibanda. Mstari ukapungua unene. Alimwomba jirani wa fotokopi azime mashine yake dakika tano. Jirani akalalamika, akazima. Mstari ukapungua tena, lakini bado ulitetemeka kama mtu mwenye malaria. Siku ya pili yote Nelius alilehemu na kulehemua. Alijaribu waya mfupi, akausokota, akaufunika kwa karatasi ya fedha ya kufungia chakula. Saa kumi aliutupa ubao mezani, akatoka nje akasimama na mikono kiunoni akitazama barabara.

Ciku alimfuata. "Dada, wacha. Labda ni kweli ni mawazo. Mimi mwenyewe saa zingine nafikiri najifanya bila kujua."

Nelius aligeuka kwa ukali uliomshtua mwenzake. "Usiseme hivyo tena. Umesikia? Wamekuambia mara tatu, ya nne sasa unajiambia wewe mwenyewe. Mimi nimeona midomo yako ikigeuka rangi jikoni kwa mama tulipozika nyanya. Sikuota."

Akarudi ndani. Labda hasira ndiyo iliyomfungua akili, kwa maana alikumbuka kitu alichokifanya zamani kwenye spika iliyokuwa ikinguruma: aliuchukua ule mngurumo wenyewe, akaupindua, akaurudisha pale ulipotoka, ukajiua. Aliongeza sehemu moja ndogo kwenye ubao, akautuma mngurumo uliopinduliwa mguuni kwa Ciku kupitia kile kijiko cha tatu.

Mstari ukanyooka. Kisha, kwenye ule weupe, kikatokea kilima kidogo, baada yake mnara mwembamba mrefu, halafu kilima cha pili kipana. Nafasi. Kilima, mnara, kilima. Nafasi.

Ciku alijiwekea kidole shingoni, akasikia pigo, akaona mnara. Pigo, mnara. "Huyo ni mimi," alisema.

"Huyo ni wewe."

Lakini moyo wenye afya hata Mutembei alikuwa nao kwenye kitabu chake. Siku ya tatu wakangoja. Ciku alivaa vile vitu tangu asubuhi, ubao umefungwa tumboni kwa leso, laptopu kwenye kiti, na minara ikapita mmoja mmoja, mizuri, isiyo na hatia. Ilipofika siku ya nne adhuhuri wote wawili walikuwa wameanza kununiana. Ciku alikuwa amechoka kukaa kama mgonjwa. "Nipe basi hata kazi," alisema, akainama kuvuta beseni la nguo lililokuwa chini ya meza.

Aliganda akiwa ameinama. "Imekuja," alisema kwa sauti ndogo.

Nelius alitazama kioo. Minara ilikuwa imekimbiliana ikasongamana kama meno ya kitana, na vile vilima vidogo vya mbele vimetoweka kabisa. Alimketisha dada yake sakafuni, mgongo ukutani, akamshika bega kwa mkono mmoja na kwa mwingine akahakikisha mashine inaandika. Alihesabu: mia moja tisini na mbili kwa dakika. Ciku alikuwa akitoka jasho usoni, macho makubwa. Dakika sita. Kisha, kama mtu aliyezima swichi, kilima, mnara, kilima. Nafasi.

Walikaa pale sakafuni.

"Dada," Ciku akasema. "Ni kuinama. Kila mara nilikuwa nimeinama. Ndoo, ndoo, ndoo, na leo beseni."

Kesho yake, siku ya tano, walikuwa hospitali kubwa Meru mjini kabla foleni haijaanza, na bado waliingia kwa daktari saa tano. Daktari Koome alikuwa kijana mpole mwenye macho mekundu ya mtu aliyekesha kazini. Alitazama laptopu kwa makini zaidi kuliko walivyotarajia. Akaiangalia tena.

"Hii imerekodiwa na mashine gani?"

"Yangu. Nimeiunda."

"Na hivi ni..."

"Vijiko."

Daktari alishusha pumzi. "Mama, siwezi kuweka vijiko kwenye faili. Sijui mashine hii inapima nini. Waya ukitikisika tu inaweza kuchora kitu kama hiki. Nitamwandikia mashine ya kuvaa saa ishirini na nne. Tunayo moja. Nafasi ni mwezi wa tano."

"Mwezi wa tano atakuwa ameshafutwa kazi, ama ameanguka juu ya kitu kibaya kuliko waridi."

"Naelewa, lakini lazima niuone moyo wake ukikimbia kwenye mashine yetu."

"Umesema mwenyewe," Nelius alijibu. "Uuone kwenye mashine yenu."

Alitoka hadi kwenye korido. Mfanyakazi wa usafi alikuwa ameacha ndoo ya maji kando ya mlango. Nelius aliileta katikati, mbele ya mabenchi yaliyojaa watu, akamtazama dada yake. Hakumlazimisha, alimwuliza kwa macho tu. Ciku alivua sweta, akaikunja, akamkabidhi. Kisha akainama, akainua ndoo, akaishusha. Akainama, akainua, akaishusha.

"Huyo mama anafanya nini?" mtu akauliza kwenye benchi.

Nesi mmoja mnene wa makamo, jina lake Mukiri limeandikwa kifuani, alikuja akikimbia. "Wacha hiyo ndoo! Hapa ni hospitali!"

"Moyo wake hukimbia akiinama," Nelius alisema. "Tukiwaambia mnasema haujaonekana. Sisi hatutoki hapa mpaka uonekane. Afadhali uonekane mbele yenu kuliko kule shambani, grinihausi, ambako hakuna mtu wa kumsaidia."

Nesi Mukiri aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa ameona mengi katika korido hiyo. "Kama ni wazimu," alisema hatimaye, "tufanye wazimu penye mashine. Leta hiyo ndoo."

Aliwaingiza chumba cha kufungia vidonda, akavuta toroli la mashine ya moyo, akambandika Ciku vibandiko vya waya kifuani kabla ya kumruhusu ainame tena, na dawa za dharura akaziweka karibu. Ciku akaanza. Mara tano. Mara kumi. Maji yalimwagikia viatu vyake. Mara ya kumi na nne Nelius alianza kuomba kimya kimya, kisha akajishangaa, kwa maana hakujua tena anaomba dada yake augue au asiugue.

Mara ya kumi na saba Ciku alishika ukingo wa kitanda.

"Imekuja," alisema.

Karatasi ya rangi ya waridi ikatoka kwenye mashine, minara imesongamana kama meno. Nesi aliita kwa sauti iliyofika mwisho wa korido. Daktari Koome aliingia, akaona ndoo, akaona maji sakafuni, uso ukamgeuka. "Mngeweza kumuua!"

"Ndiyo maana sikumfanyia nyumbani," Nelius alisema.

Daktari alikuwa ameshaichukua karatasi. Aliisoma mara moja tu. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayejua la kufanya. Alimpa Ciku sirinji tupu, akamwambia apulize kwa nguvu zote mpaka kile kisukumio kisogee, asiache mpaka aambiwe. Ciku alipuliza, mishipa ya shingo imetoka. Kisha mara moja wakamlaza chali, nesi akamwinua miguu yote miwili juu. Kwenye kioo minara ilikatika. Mstari ukanyooka, mtupu, kwa muda wa pumzi nzima. Halafu kilima. Mnara. Kilima.

Baadaye Daktari Koome aliwaelezea. Ndani ya moyo wa Ciku kulikuwa na njia ya ziada, aliyozaliwa nayo, na mara nyingine umeme badala ya kushuka na kwisha ulizunguka humo kama ng'ombe anayezunguka mti aliofungiwa. Aliandika dawa, na barua ya kwenda Nairobi ambako njia hiyo huweza kuchomwa ikafungwa. Aliandika pia ripoti ya ugonjwa, kwa herufi kubwa zinazosomeka.

"Mashine yako bado siikubali, mama," alimwambia Nelius, ingawa alikuwa akiitazama. "Karatasi hii ndiyo naikubali. Na usimfunge mtu mwingine vijiko hivyo bila mtu wa hospitali kuwepo."

"Mimi sikutaka uikubali mashine, daktari. Nilitaka umkubali yeye."

Jumatatu walienda shambani pamoja, lakini mlangoni pa ofisi Ciku alimzuia dada yake. "Hapa ngoja nje. Hapa nitaongea mwenyewe."

Supavaiza, Bwana Kobia, alisoma ripoti ya daktari akakuna kichwa. Akasema pole. Akasema wamesikia, yaishe, arudi kwenye mstari kesho, maua yanangoja.

"Na barua ya onyo?"

"Hiyo imeshaingia kwenye faili. Hatutaitumia."

"Basi itoeni."

"Ciku, usifanye mambo yawe makubwa. Unajua wiki hii tunavyohitaji mikono."

"Mikono ninayo. Lakini hiyo barua inaniita mwongo. Nitakaa kwenye benchi hapo nje mpaka itoke, na nikirudi sirudi kwenye ndoo. Daktari ameandika nisiiname."

Akatoka, akakaa. Nelius akakaa kando yake. Siku hiyo hakuna aliyewatazama. Siku ya pili, saa ya chakula, wanawake wa mstari wake walikuja na mikebe yao ya githeri wakaketi nao, kumi na wawili, wengine chini kwenye nyasi, wakila pole pole kuliko kawaida, na saa ya kurudi kazini ikapita kwa dakika kumi kabla hawajainuka. Siku ya tatu walifanya hivyo tena, na dakika zikawa ishirini. Hata Mutembei alipita akielekea kliniki, akasimama mbele ya Ciku, akasema, "Nilipaswa kungoja," akaenda zake.

Saa nane mchana Kobia alitoka na karatasi yenye muhuri. Ciku aliipokea, akaisoma akiwa amesimama, mstari kwa mstari, midomo ikisogea. Onyo limefutwa. Atahamia meza ya kupanga maua kwa urefu, ambako kazi hufanywa wima. Akafika chini, akakoma.

"Hapa mmeandika ati kampuni imenisamehe."

"Ni lugha tu ya barua," Kobia alisema.

"Mimi sikukosa." Alimrudishia karatasi. "Toeni hilo neno, mwandike upya."

Kobia alimtazama, akawatazama wanawake kwenye nyasi, ambao safari hii hakuna hata mmoja aliyekuwa akila. Alirudi ndani. Mlango ulibaki wazi, wakasikia kibodi ikigongwa, polepole, kwa vidole viwili. Ciku aliketi tena kwenye benchi, akanyoosha miguu, akangoja.